Migomba ya Nyuma ya Nyumba

Waithera alipenda kuamka kabla ya barabara. Pale Kinoo, pembezoni mwa Nairobi, ukichelewa kidogo, magari ya Waiyaki Way yanakuamsha yenyewe, na siku inaanza kwa kichwa kuuma. Kwa hiyo aliamka mapema, akavaa sweta mbili, akaenda kuwasha moto katika jiko la nje. Ulikuwa mwezi wa Agosti, na Agosti ya Kinoo ina baridi inayoingia hadi kwenye kucha. Aliteleka maji ya chai. Kisha akachukua ndoo, akaenda kumkamua ng'ombe wake, Nyange.

Nyuma ya zizi kulikuwa na migomba. Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Mtu akikohoa upande huu, aliye upande ule anamwambia pole. Mama mkwe wa Waithera ndiye aliyeipanda migomba hiyo, zamani, wakati Kinoo yote ilikuwa mashamba ya viazi na mahindi. Sasa kulia kulikuwa na ghorofa, na kushoto kulikuwa na ghorofa nyingine ndefu zaidi. Katikati ilibaki migomba ya Waithera, imesimama kama wageni waliokosa viti.

Lakini watu waliijua. Wanawake wa kanisa wakienda kumwona mtoto mchanga, walipita kwanza kwa Waithera kuchukua ndizi za kuchoma. Kukiwa na mahari au harusi, walimtuma mtu na gunia. Waithera hakuwahi kumrudisha mtu mikono mitupu.

Asubuhi hiyo mume wake Kuria alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai bila kusema. Kuria alikuwa amestaafu kazi ya kupiga chapa mjini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akinyamaza namna ile, Waithera alijua kuna jambo.

"Mama Nyakio," alisema mwishowe, "nimeongea na Mutinda."

Mutinda alikuwa fundi wa ujenzi. Ndiye aliyejenga vile vyumba vya kupangisha vya upande wa mbele.

"Anakuja kujenga nini?"

"Vyumba vingine. Huku nyuma."

Waithera alitazama nje, akaitazama migomba, kisha akamtazama mume wake. Alimwuliza kama Mutinda atajenga juu ya migomba. Kuria akajibu kwamba hapana, migomba itang'olewa kwanza. Akaeleza sababu zake polepole, kama mtu aliyezifanyia mazoezi njiani. Mikungu imekuwa midogo. Migomba mingine huanguka kabla ndizi hazijakomaa. Na lile rundo la magogo pale kando ya ua linaoza, linanuka, na wapangaji wanalalamika kwamba linaleta mbu.

Kilichomuuma Waithera ni kwamba yote yalikuwa kweli. Kila mkungu ulipokatwa, gogo la mgomba nalo lilikatwa, kwa sababu mgomba huzaa mara moja tu. Zamani magogo yale alipewa ng'ombe. Siku hizi yalikuwa mengi, na Nyange alikuwa mmoja na amezeeka. Basi yalitupwa rundoni.

"Nipe mpaka Pasaka," Waithera alisema.

"Pasaka kutabadilika nini?"

"Sijui bado. Wewe nipe tu."

Kuria alizungusha kikombe mkononi. Alisema sawa. Ikifika Pasaka, na shamba likionyesha sababu ya kubaki, litabaki. Lisipoonyesha, Mutinda atakuja na kamba yake ya kupimia. Waithera alijua kwamba mume wake akisema neno halirudishi. Hilo lilimpa moyo, na lilimtia hofu pia.

*

Katika vyumba vya mbele aliishi mwanamke aliyeitwa Phoebe. Kwao ni Vihiga. Alifanya kazi katika karakana moja huko Woodley, karibu na Ngong Road, mahali wanapotengeneza mikeka, vikapu na vifuniko vya taa. Waithera alijua kwamba Phoebe hutoka asubuhi na kurudi jioni na vidole vyenye madoa. Hakuwa amewahi kumwuliza ni madoa ya nini.

Jumamosi Phoebe alikuja nyuma kuanika blanketi kwenye ua, kwa sababu kamba za mbele zilikuwa zimejaa. Aliliona lile rundo la magogo, akasimama. Kisha akachukua jiti, akapasua gogo moja lililooza. Ndani kulikuwa na matundu matundu, na funza weupe wanene wakijinyonganyonga.

"Mama Nyakio, kuja uone," aliita. "Hii si takataka. Hii ni hoteli. Hawa wanalala hapa, wanakula hapa, wanazaa hapa, na asubuhi wanaenda kazini kwa migomba yako."

Waithera alikuja, akainama. Phoebe akamweleza. Kuna mdudu mdogo mweusi mwenye mdomo mrefu, anaitwa fukusi wa migomba. Anapenda magogo yaliyolala na kuoza. Hutaga mayai yake humo, na pia chini ya mgomba ulio hai. Funza wakitoka wanatoboa kitako cha mgomba. Mgomba uliotobolewa chini haupati chakula vizuri, kwa hiyo mkungu unakuwa mdogo. Upepo ukija, mgomba unaanguka.

"Kumbe tunawafuga sisi wenyewe," Waithera alisema.

"Mnawafuga vizuri sana. Wamenona."

Waithera alicheka, ingawa moyo ulikuwa mzito. Akamwambia Phoebe habari ya Mutinda na ya Pasaka. Phoebe alisikiliza mpaka mwisho, blanketi bado liko begani. Kisha akainua mikono yake yenye madoa.

"Unaona hizi? Ni utomvu wa mgomba. Kule kwetu kazini tunanunua magogo kama haya. Tunatoa nyuzi ndani yake. Wewe unatupa."

Walianza na lile rundo. Phoebe alisema magogo ya zamani hayafai tena kutoa nyuzi, lakini hayafai kulala pale pia. Waliyakatakata vipande vidogo kwa panga, wakavitandaza juani mbali na migomba ili vikauke na funza wafe. Vikishakauka vitaingia kwenye shimo la mboji. Kuku wa Waithera walifanya kazi kubwa kuliko wote. Walikula funza mpaka wakawa wanatembea kwa shida.

Kisha Phoebe alimfundisha mtego. Unachukua kipande kibichi cha gogo, unakipasua katikati, unakiweka chini karibu na kitako cha mgomba, upande uliopasuliwa uangalie ardhi. Fukusi wanaingia chini yake usiku. Asubuhi unageuza kipande na unawaokota. Hakuna dawa ya kununua. Waithera aliwaokota kwenye kopo tupu la Blue Band, akawapelekea kuku.

*

Wiki iliyofuata Waithera alivuna mkungu. Safari hii gogo halikutupwa. Phoebe alikuja baada ya kazi akiwa amevaa aproni kuukuu, akamletea Waithera nyingine.

"Kata gogo siku ile ile unayovuna, au kesho yake," alisema. "Likikaa, nyuzi zinaharibika. Na usikate mgomba ambao haujazaa, hata ukiwa na haraka namna gani."

Gogo la mgomba limeundwa kwa maganda yaliyokumbatiana, kama majani ya kabeji. Phoebe aliyabandua moja moja. Maganda ya nje, yale makavu ya kahawia, aliyaweka kando kwa ajili ya mikeka. Ya katikati ndiyo yenye nyuzi ndefu na imara. Moyo wa ndani ni mweupe, laini, umejaa maji.

Kuria alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, kwa sababu alikuwa na mkutano wa wazee wa kanisa.

"Na ng'ombe atakula nini?" aliuliza. "Ng'ombe naye afundishwe kusuka?"

Phoebe akamwonyesha ule moyo mweupe. Alisema huo ndio chakula cha ng'ombe, ukatwe vipande na uchanganywe na nyasi. Kuria alitaka kuhakikisha. Aliinama, akaubeba ule moyo mwenyewe, akaupeleka zizini. Nyange aliula wote. Kuria aliporudi, kifuani mwa shati kulikuwa na majimaji. Kesho yake yakawa doa jeusi. Waithera alifua, akasugua, akaanika, akafua tena. Doa likabaki. Utomvu wa mgomba ukishakauka kwenye nguo hautoki.

"Sasa hilo ni shati la kazi," Waithera alimwambia. "Umeajiriwa."

Kazi ya kutoa nyuzi ni ya subira. Unalaza ganda juu ya ubao laini. Unalikwangua kwa chuma bapa kisicho na makali. Waithera kwanza alitumia kisu chake cha sukuma wiki, na nyuzi zikakatikakatika kama nywele mbovu. Phoebe alimpa kipande cha chuma butu. Akakwangua tena, polepole, kutoka katikati kwenda mwisho. Uji wa kijani ulitoka, na chini yake zikabaki nyuzi nyeupe zinazong'aa. Waithera alizigusa kwa vidole viwili. Hakuamini kwamba kitu kizuri namna hiyo kilikuwa kikiozea kwenye ua wake miaka yote.

Walizisuuza kwa maji safi papo hapo, kwa sababu utomvu ukibaki nyuzi huwa nyeusi. Wakazianika kivulini. Uji wa kijani ukaenda kwenye mboji.

Zilipokauka, Waithera alikaa kwenye kigoda, akapandisha rinda kidogo, akaanza kusokota nyuzi juu ya paja, kama mama yake alivyosokota katani. Alijua kusuka kiondo tangu akiwa msichana. Wanawake wa enzi hizo walisuka wakitembea na wakiongea, na wengine walisuka hata mkutanoni. Kamba ilitoka nyembamba, imekaza, haina kifundo.

Phoebe alitazama, akatikisa kichwa. Alisema kule karakana wana mashine ya kusokota, na haitoi kamba kama hiyo. Akauliza mashine ya Waithera inauzwa wapi.

"Hii haiuzwi," Waithera alisema, akipiga paja lake. "Na inakula sana."

Kikapu cha kwanza kilikuwa kidogo. Phoebe alikipeleka mtaa wa Kilimani, kwa mwanamke aitwaye Debra, mwenye duka la vitu vya nyumbani chini ya jengo la maghorofa. Debra alinunua pia vitu vya karakana. Alikipenda. Alisema wateja wake wamechoka na plastiki. Wanataka kitu ambacho kikizeeka kinarudi kuwa udongo. Akaagiza vikapu vikubwa vyenye vifuniko, vya kuwekea nguo, viwe tayari kabla ya Krismasi. Vikiuzika, ataendelea kuagiza.

Waithera alipopewa habari hizo alimwambia Kuria wakati wa chakula, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Kuria alisema ni vizuri. Kisha akasema Pasaka nayo inakuja.

*

Mvua ya vuli ilikuja na haikutaka kuondoka. Mwezi wa Novemba jua lilionekana kama mgeni wa serikali, dakika chache tu kisha limeenda. Waithera alikuwa na magogo mabichi na nyuzi nyingi, na hazikukauka. Zilibaki zimelowa, zikaanza kuwa na madoa ya ukungu. Phoebe hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda Vihiga kwa matanga ya shangazi yake.

Waithera alifikiri. Alikuwa amekaa jikoni akipika githeri ya mahindi na maharagwe, na macho yake yakapanda juu ya moto. Pale juu kulikuwa na itara. Itara ni dari dogo la fito ambalo Wakikuyu hujenga juu ya moto wa kupikia. Mama yake aliweka pale mahindi ya mbegu na maharagwe. Moshi ulikausha kila kitu, na wadudu hawakukaribia. Mbegu za itara huota hata baada ya miaka. Ikiwa itara inatunza mbegu, Waithera alijiambia, itashindwa vipi kutunza nyuzi?

Akazipanga nyuzi zote kwenye itara. Akakoleza moto. Baada ya siku chache zilikuwa kavu, na zilikuwa zimepata rangi ya asali. Waithera alifurahi sana. Alisuka mchana kutwa akiimba nyimbo za kanisani. Vikapu vilitoka vizuri, vifuniko vikakaa sawasawa. Kuria mwenyewe alikichukua kimoja, akakigeuza huku na huku, akasema huyu fundi ni hodari.

Phoebe aliporudi kutoka Vihiga alikuwa na mafua makali. Aliviona vikapu, akavisifu kwa sauti ya puani. Siku iliyofuata wakavipeleka Kilimani pamoja.

Duka la Debra lilikuwa dogo na safi, lenye mlango wa kioo. Debra aliwapa viti. Akakifungua kikapu cha kwanza, akaingiza uso ndani, akautoa. Akafungua cha pili. Kisha akaenda kufungua mlango wa kioo, akauacha wazi.

"Mama," alimwambia Waithera kwa upole, "hizi nyuzi zilikauka wapi?"

"Kwa itara."

Debra alitabasamu. Alisema alijua, kwa sababu harufu hiyo imemkumbusha nyumba ya cucu, bibi yake, kule Nyeri, na angeweza kukaa na pua humo siku nzima. Lakini mteja wake anaishi ghorofani, madirisha yamefungwa. Ataweka mashuka yaliyofuliwa ndani ya kikapu. Jioni ataenda kulala kwenye shuka linalonuka githeri.

Akamwonyesha kitu kingine. Alikunja kidogo ukingo wa kikapu, na nyuzi mbili zikakatika. Joto la moto lilikuwa limezifanya ngumu kama nyasi kavu.

"Siwezi kuviweka hapa, mama. Duka lote litanuka moshi. Niletee vingine visivyo na moshi, nitavichukua."

Waithera alisikia yale maneno ya kwanza. Ya mwisho yalimpita. Alivirudisha vikapu kwenye gunia kimoja kimoja, akakosea, akavitoa, akavipanga upya. Phoebe alijaribu kumsaidia, na Waithera akamwambia aache tu.

Nyumbani Kuria hakucheka. Alichukua kikapu akakinusa kwa muda.

"Mimi naona kinanukia nyumbani," alisema.

"Nyumbani hakuuziki."

"Ndiyo." Alikiweka chini. "Labda tusingoje Pasaka, Mama Nyakio. Mutinda ana nafasi Januari."

"Ulisema Pasaka."

Kuria alitazama mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nilisema," alikubali. "Basi Pasaka."

*

Jioni ya kesho yake Phoebe alikuja jikoni bila kuitwa. Alisema kosa ni lake pia. Alimfundisha kuanika wakati wa jua, akasahau kumfundisha wakati wa mvua. Na yale mafua yalikuwa yamemziba pua, la sivyo angejua mapema.

"Na mimi sikuuliza," Waithera alisema. "Nilijiona nimegundua kitu."

"Itara ni nzuri kwa mbegu," Phoebe alieleza. "Mbegu ina ganda, moshi unabaki nje. Nyuzi haina ganda. Inakunywa kila kitu kilicho karibu. Ukiiweka kwa moshi inakunywa moshi. Ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki inakunywa jasho lake yenyewe, inaota ukungu. Kitu inataka ni upepo. Si moto, si jua kali. Upepo na kivuli."

Kisha akamwonyesha namna ya kufanya mvua ikinyesha. Baada ya kusuuza nyuzi, zikamue vizuri. Zichane kwa kitana chenye meno mapana ili zisishikane. Zigawe vifungu vyembamba, si vinene, na uvitundike chini ya upenu mahali ambapo upepo unapita. Jioni ziingize ndani, chumba kikavu, mbali na jikoni. Asubuhi zitoe tena. Zitachukua siku nyingi kuliko wakati wa jua, na ni lazima ungoje. Ili kujua kama zimekauka, weka kifungu kwenye shavu.

"Ukisikia baridi, bado kuna maji ndani," alisema. "Ikiwa haikwambii kitu, imekauka."

Upenu mrefu wenye upepo ulikuwa mmoja tu pale nyumbani, ule wa vyumba vya wapangaji. Waithera alienda mlango kwa mlango. Aliomba kwa adabu, kama mtu ambaye si mwenye nyumba. Walikubaliana kwamba siku za kazi, watu wakiwa hawapo, kamba ni za nyuzi. Jumamosi na Jumapili kamba ni za nguo. Na yeyote atakayepata wageni wa kumwona mtoto mchanga atapewa ndizi.

Kuria aliporudi kutoka kanisani akakuta vifungu vya nyuzi vinaning'inia mlango hadi mlango, vinapepea. Alisimama akiwa na mwavuli wake.

"Ploti yangu imeota ndevu," alisema.

Lakini ni yeye aliyezilinda mchana. Wingu zito likija kabla Waithera hajatoka zizini, ni yeye aliyeziingiza ndani. Siku moja Waithera alimkuta amesimama peke yake kwenye upenu, kifungu cha nyuzi shavuni, macho amefumba. Alirudi nyuma kimya kimya, asimwone.

Vile vikapu vya moshi havikuharibika bure. Waithera aliwapelekea akina mama wanaouza viazi sokoni. Hao hawakujali harufu. Mmoja alisema ni afadhali, hata panya watadhani kuna mtu anapika. Walivinunua vyote.

Vipya vilikuwa tayari wiki moja kabla ya Krismasi. Phoebe alimwomba Waithera aviweke usiku mmoja chumbani kwake, ndani ya kabati, pamoja na shuka safi. Asubuhi walilinusa lile shuka wote wawili, na Kuria akaitwa kuwa shahidi. Lilinuka sabuni.

Debra aliingiza uso kwenye kikapu cha kwanza, akakaa humo muda mrefu. Waithera alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hakuna kitu," Debra alisema, akitoa uso. "Nanusa nyasi kidogo tu. Hivi vyote vinabaki hapa, mama."

Vilinunuliwa vyote kabla sikukuu hazijaisha. Januari akaagiza vingine, na mikeka ya mezani ya yale maganda ya kahawia.

*

Sasa tatizo likageuka. Magogo hayakutosha. Kuria, ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote, alishikwa na haraka. Alichukua panga akaelekea kwenye mgomba uliobeba mkungu mchanga. Phoebe alimwita kutoka kwenye kamba za nguo.

"Baba Nyakio, huo bado una mimba. Ngoja uzae."

Kuria alirudisha panga, ameona haya kidogo. Akafikiri. Kisha akavaa lile shati lenye doa, akachukua wilbaro, akatoka. Alienda kwa majirani wote wenye migomba, hadi kule bondeni. Aliomba yale magogo wanayotupa. Walimpa kwa furaha, kwa sababu na wao walikuwa na marundo yanayonuka. Walimtania pia. Mbuthia, waliyezoeana naye tangu shuleni, alimwuliza amenunua ng'ombe wangapi anaowaficha ili mke wake asiwaone. Kuria alimjibu kwamba anaowaficha hawali, wanasukwa. Na kabla ya kuondoka alimwonyesha Mbuthia namna ya kutega fukusi.

Mwezi wa Machi upepo mkali ulipita Kinoo. Uling'oa bati la jirani na kuangusha waya wa stima. Asubuhi Waithera alitoka mbio kwenda nyuma, kanga mabegani. Mwaka uliotangulia upepo kama huo ulikuwa umelaza nusu ya shamba. Alipita katikati ya migomba, akishika kila mmoja. Mmoja ulikuwa umeanguka. Mingine ilikuwa imesimama, majani yamechanika, mikungu iko mahali pake. Na ile mikungu ilianza kuwa minene. Bado haikuwa kama ya enzi za mama mkwe, lakini chana za chini zilikuwa zimejaa.

Kuria alikuja nyuma yake. Alihesabu kwa macho, akarudi ndani kunywa chai.

*

Jumanne baada ya Pasaka, Mutinda fundi alikuja na kamba ya kupimia na vigingi. Waithera alikuwa ameketi kwenye kigoda anasokota. Alimwona akipita, na mkono wake ukasimama juu ya paja. Kuria hakuwa amemwambia kitu. Sikukuu yote walikula, wakaenda kanisani, wakapokea wageni, na hakusema. Waithera naye hakutaka kuuliza, akihofia jibu.

Wanaume wawili walisalimiana. Mutinda alifungua kamba, akauliza waanzie pembe ipi.

"Hapa," Kuria alisema. Alikuwa amesimama kando ya ua, pale palipokuwa na rundo la magogo zamani. Sasa palikuwa peupe. "Upana kutoka kwenye ua huu hadi pale kwenye zizi. Nguzo na bati juu."

Mutinda alipiga kigingi cha kwanza. Akauliza kuta ziwe za mawe au za bati.

"Hakuna kuta."

"Mzee, chumba bila ukuta, nani atapanga?"

"Si chumba. Ni banda la kukaushia nyuzi. Ukiweka ukuta utazuia upepo, na kazi yote itaharibika." Kuria alimweleza kwa kirefu, kwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima. Alimwambia habari ya upepo na kivuli. Alimwambia nyuzi hunywa kila kitu. Alimwambia hata habari ya shavu. Mutinda alisikiliza, penseli sikioni, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Waithera aliinamisha kichwa, akaendelea kusokota. Kamba ilitoka nyembamba na imekaza.

Mutinda alivuta kamba yake kuelekea zizini, akirudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa migomba, macho kwenye vipimo.

"Pole pole hapo," Kuria alimwambia, akamshika mkono. "Zunguka upande ule. Utakanyaga chipukizi."